Mlinzi Mdogo Ndani ya Frigo

Mama mmoja aliyelazwa na mtoto wake katika chumba kilicho karibu na duka la dawa aliniuliza asubuhi: "Munganga, nani anayegonga usiku?"

Nikamwuliza, "Anagonga wapi?"

Akasema, "Kule nyuma ya ukuta. Anagonga mara moja tu, ta! kisha kitu kinaanza kunguruma. Baadaye anagonga tena, ta! na ule mngurumo unanyamaza. Mama mkwe wangu hakulala hata kidogo."

Wagonjwa wengine wakasema ya kuwa wao pia wamesikia. Mmoja alikuwa amekwisha kupata jina la mtu wa kijijini kwao ambaye, kwa mawazo yake, ndiye aliyemfuata mpaka hospitalini. Basi niliwachukua wote walioweza kutembea, nikafungua mlango wa duka la dawa, tukasimama mbele ya frigo ya chanjo tukingoja. Haikupita nusu saa, ikagonga: ta! Mashini ikaanza kunguruma. Yule mama mkwe alicheka kuliko wote, maana ndiye aliyeogopa kuliko wote.

Mgongaji huyo ana jina. Anaitwa termostati. Sisi tuliojifunza maneno machache ya Kiyunani katika Shule ya Biblia twaweza kulifungua jina hilo: sehemu ya kwanza ni joto, na sehemu ya pili ni kusimamisha. Ni kitu kinachosimamisha joto mahali pake lisipande wala lisishuke. Mwaka 1830 Andrew Ure, mtu wa kemia wa Uskoti, alikipa kifaa chake jina hilo, nalo limekaa mpaka leo.

Ndugu msomaji, ukitaka kufahamu kazi yake, sikiliza mabati ya kanisa wakati wa jioni. Mchana kutwa jua limeyapiga. Jua likishuka na upepo wa mlimani ukianza kuvuma, mabati yanalia, ta, ta, ta, na mara nyingine mhubiri hana budi kupaza sauti. Hakuna mtu juu ya paa. Chuma kikipata moto hupanuka, na kikipoa hujikaza, na katika kuvutana na misumari hulia. Kupanuka kwenyewe ni kudogo sana. Fimbo ya chuma yenye urefu wa mita 1, ukiiongezea joto digrii 100, itarefuka milimita 1 na kidogo tu. Fimbo ya shaba ya njano, yaani shaba kama hii ya Katanga iliyochanganywa na zinki, itarefuka karibu milimita 2.

Tofauti hiyo ndogo ndiyo siri yote. Chukua ukanda mwembamba wa chuma na ukanda mwembamba wa shaba ya njano, uziunganishe mgongo kwa mgongo hata zisiweze kuachana, kisha uzipashe moto. Shaba inataka kurefuka, chuma kinaizuia. Kwa kuwa haziwezi kuachana, ukanda wote unapinda, shaba ikiwa upande wa nje. Zikipoa, ukanda unanyooka tena. Sasa weka ncha ya ukanda huo mahali ambapo waya wa umeme umekatwa. Ukanda ukinyooka, unaziba pengo na umeme unapita. Ukipinda, unaachia na umeme unakatika. Umepata swichi isiyongoja mkono wa mtu. Pasi za umeme za zamani zina ukanda wa namna hii ndani yake, na ndiyo maana taa yake ndogo huwaka na kuzimika yenyewe wakati mama anaponyosha nguo.

Wa kwanza kuunganisha shaba na chuma hivyo alikuwa John Harrison, Mwingereza, seremala aliyegeuka kuwa mtengeneza saa. Alifanya hivyo katika saa yake ya tatu ya baharini, ili joto na baridi zisiharibu mwendo wake. Saa hiyo aliifanyia kazi karibu miaka 19, akaimaliza karibu mwaka 1759. Miaka 19 kwa saa moja! Sisi tukikaa juma mbili tukitengeneza paa la kituo twaanza kunung'unika. Huko Marekani, mwalimu mmoja aliyeitwa Warren Johnson, katika mji wa Whitewater, aliona taabu ya mtunza moto wa shule kuingia darasani kila mara kutazama kama wanafunzi wanaona baridi. Mwaka 1883 alipata hati ya serikali kwa kifaa chake cha umeme: joto la chumba lilipofika mahali fulani, kengele ililia kule chini kwa mtunza moto.

Lakini ninayempenda mimi ni John Spencer. Inasimuliwa ya kuwa alipokuwa kijana alichunga tanuru usiku katika kiwanda cha mbao huko Maine, Marekani. Akaona ya kuwa kimlango cha chuma cha tanuru kinabenuka kwa kishindo moto unapokuwa mkali, na kurudi kwa kishindo moto unapopungua. Basi alisinzia kwa amani, na kimlango kilipolia aliamka akatia kuni. Alipokua, akafanya kisahani kidogo cha metali mbili kinachobenuka ghafula vivyo hivyo. Walinzi wetu wa usiku wasisome habari hii wakapata sababu ya kulala. Kijana yule aliamka kila mara alipoitwa.

Ule ughafula una maana. Waya mbili zikiachana polepole, umeme unaruka katikati yake kama cheche, na cheche hizo zinakula chuma mpaka siku moja kinaungua. Zikiachana mara moja, ta! hazichomeki upesi. Kwa hiyo sauti iliyowaogopesha wagonjwa wangu ni dalili ya afya ya kifaa.

Ndani ya frigo ile, termostati ni ya namna nyingine kidogo. Kuna mrija mwembamba sana wa shaba uliofungwa ncha yake na kujazwa gesi. Ncha hiyo inagusa mahali penye baridi kuliko pote. Ncha ya pili imeunganishwa na kifuko cha bati laini kinachokunjuka na kukunjika kama kinanda cha mkono cha kwaya. Frigo ikipata joto, gesi inajaa nguvu, kifuko kinakunjuka, kinaisukuma swichi, na mashini inaanza. Frigo ikipoa, kifuko kinajikunja na mashini inanyamaza. Tena haiwaki na kuzimika kwenye joto lile lile. Ikizimika kwenye digrii 3, labda haitawaka mpaka digrii 6. Kama isingekuwa na nafasi hiyo katikati, mashini ingewaka na kuzimika bila kupumzika, nayo ingekufa upesi.

Mbele ya kifuko kuna springi inayoshindana nacho, na juu ya springi kuna kigurudumu chenye tarakimu, 1 mpaka 5 au 1 mpaka 7. Hapa ndipo watu wengi sana wanapokosea, hata waganga.

Watu hufikiri ya kuwa kigurudumu ni kama bomba la maji: ukifungua zaidi, baridi inakuja kwa haraka zaidi. Sivyo. Mashini ya frigo kama ile ina nguvu moja tu. Ikiwaka, inafanya kazi kwa nguvu ile ile, kigurudumu kikiwa kwenye 2 au kwenye 7. Kigurudumu kinasema jambo moja tu, yaani mahali pa kusimama. Ukimwambia mlinzi wa lango, "Usifunge saa kumi na mbili, ngoja mpaka saa tano usiku," watu hawataingia mbio zaidi. Lango tu litakaa wazi zaidi. Ukizungusha kigurudumu mpaka mwisho, frigo haipoi upesi kuliko kawaida. Inapita tu mahali ilipopaswa kusimama, na inaendelea kupita usiku kucha wewe ukiwa umelala.

Mungu ameweka mlinzi wa namna hii ndani ya mwili wetu pia. Anakaa chini ya ubongo, mahali pasipopita ukubwa wa karanga moja nene, na kwa kawaida anaushika mwili karibu na digrii 37. Joto likizidi, anatoa jasho. Likipungua, anatetemesha misuli ili itoe moto. Malaria ikiingia, inakuwa kama mkono unaozungusha kigurudumu: mlinzi anaambiwa ya kuwa mahali pa kusimama sasa ni digrii 39 au 40. Ndiyo sababu mgonjwa anatetemeka na kuomba blanketi, na wewe ukimgusa anaunguza kama jiwe la mekoni. Mwili wake unaona uko chini ya mahali palipoamriwa. Kigurudumu kikirudi, jasho linamwagika na blanketi linatupwa chini.

Ninyi mama mnaosoma, fahamuni basi kwa nini kumtia mtoto katika maji ya baridi sana hakusaidii. Ngozi inapoa, lakini mlinzi wa ndani hajabadilisha amri, na mtoto anatetemeka zaidi. Dawa ya parasetamoli inakirudisha kigurudumu chini kwa muda. Lakini haiui malaria, nayo si sababu ya kukaa nyumbani. Mpunguzie mtoto nguo, mpe maji anywe au ziwa anyonye, mlete apimwe damu siku ile ile.

Nimesema ya kuwa hata waganga hukosea juu ya kigurudumu. Mmoja wao ni mimi, na kwa sababu hiyo ninaandika habari hii.

Chanjo nyingi hukaa vizuri kati ya digrii 2 na digrii 8. Mzee mmoja wa kanisa, nilipomweleza hayo, alisema ya kuwa frigo ya chanjo inapenda kitu kile kile ambacho Bwana alilikemea kanisa la Laodikia. Nilicheka, lakini ndivyo ilivyo: si moto, wala si barafu. Chanjo ya surua na ile ya matone ya polio huharibiwa na joto. Chanjo ya pepopunda, ambayo wengi huita tetanosi, huvumilia joto kidogo, lakini ikiganda mara moja tu imekufa. Ndani yake kuna chembe ndogo za chumvi ya aluminiamu zinazobeba dawa. Barafu inazikusanya kuwa mabonge, nazo hazirudi tena kama zilivyokuwa.

Waganga waliotutangulia walikuwa na frigo za mafuta ya taa, na nyingi za hizo hazikuwa na termostati hata kidogo. Jicho la mwuguzi ndilo lilikuwa termostati. Alipiga magoti asubuhi na jioni, akautazama moto kama ni wa bluu, akapunguza au akaongeza utambi. Alijua habari ya wanawali kumi na taa zao kuliko sisi sote. Na frigo nyingi mpya za chanjo, zile zinazotumia nguvu ya jua, hazina kigurudumu cha kuzungushwa na mtu. Waliozitengeneza walijua tabia yetu. Mimi nilikuwa katikati: sikuwa na utambi wa kuuchunga, na kigurudumu nilikuwa nacho.

Ilikuwa mwaka 2009, katika hospitali ndogo ambako nilitumika zamani. Frigo yetu ilikuwa ya kawaida, kama zile za nyumbani. Umeme ulikatika siku mbili. Ulirudi Jumamosi adhuhuri, na kipima-joto kilionyesha digrii 11. Niliogopa kwa ajili ya chanjo ya surua. Nikazungusha kigurudumu kutoka 3 mpaka 7 ili ipoe upesi, nikiwaza ya kuwa jioni nitakirudisha. Jioni ilifika nikiwa juu ya baiskeli, maana kesho yake nilikuwa na zamu ya kuhubiri katika kanisa la ng'ambo ya mto. Sikumwambia mtu. Karatasi ya mlangoni, ambayo hutaka kuandikwa digrii asubuhi na jioni kwa siku zote 7 za juma, haikuandikwa Jumamosi jioni, wala Jumapili.

Jumatatu ilikuwa siku ya mama wenye mimba. Kijana mwanafunzi aliyenisaidia alifungua frigo, akakuta barafu ndani ya vichupa vya chanjo ya pepopunda. Akavifunga katika viganja vyake mpaka ikayeyuka, kama mtu anavyoyeyusha mafuta ya mawese asubuhi ya baridi. Kisha akachoma sindano. Nilipofika saa sita mchana alikuwa amekwisha kuchoma mama 11, na wote walikuwa wameshukuru na kwenda zao. Nilifungua frigo nikaona sanduku limeshikamana na ukuta wa nyuma kwa barafu. Kijana yule hakuwa na kosa. Hakuna aliyemfundisha.

Munganga mkubwa alituonyesha namna ya kupima. Alichukua kichupa kimoja cha namna ile ile na cha fungu lile lile, akakigandisha kabisa kwa makusudi na kukiyeyusha, kiwe shahidi. Akakitikisa pamoja na kile tulichokishuku, akaviweka mezani, tukatazama. Chanjo nzima hubaki kama maji ya mchele kwa muda mrefu. Vyetu viwili vilitua chini pamoja, upesi, na juu yake maji yakawa meupe kabisa. Ile alama ya mviringo iliyo juu ya kichupa, ambayo hubadilika rangi chanjo ikipata joto, haikuonyesha kosa lolote. Alama hiyo hujua joto. Habari ya barafu haiijui.

Akasema, "Miili yao haina hatari. Lakini hesabuni ya kuwa hawakuchomwa."

Kila mmoja wetu alijua maana yake. Pepopunda humwingia mtoto mchanga kwa kitovu, kikikatwa kwa wembe mchafu au kupakwa kitu kisichofaa. Siku za kwanza ananyonya vizuri. Kisha, mara nyingi kabla ya juma mbili kwisha, kinywa kinakataa ziwa na mwili unakauka kama ubao. Kinga ya mtoto huyo inatoka katika damu ya mama yake, na mama anaipata kwa sindano. Mama hao 11 walikuwa wamekwenda nyumbani wakiamini ya kuwa wanayo, na kadi zao zilisema hivyo kwa mwandiko wetu.

Tulituma tangazo lisomwe makanisani Jumapili iliyofuata. Mama 9 walirudi. Wa kumi tulimkuta sokoni akiuza maharagwe. Wa kumi na moja alikuwa amekwenda kwao kuzaa, mwendo wa siku moja na nusu kwa baiskeli. Nilifunga chanjo katika sanduku lake pamoja na vipande vya barafu, nikaenda.

Nilimkuta hajazaa. Mama yake mzazi alinipa kiti, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Kwa hiyo ile ya kwanza ilikuwa maji?"

Nikasema, "Mama, ilikuwa dawa. Baridi iliiua, na aliyeiacha baridi iingie ni mimi."

Alinitazama kwa muda mrefu. Binti yake alikuwa ameanza kukunja mkono wa nguo, lakini yeye akamzuia. Akaonyesha sanduku: "Na hiyo je? Naona barafu ndani."

Nikatoa kipande kimoja cha barafu katika chupa yake ya plastiki, nikamweleza ya kuwa hatukitii ndani kikiwa kigumu kama jiwe. Twakiacha nje kwanza mpaka kianze kuyeyuka, maana barafu ngumu ingeigandisha chanjo humo humo njiani. Akakichukua mikononi mwake, akakiweka sikioni, akakitikisa. Maji yakasikika yakicheza ndani.

Akamwambia binti yake, "Haya, toa mkono."